Mifongo, Daftari na Pacha wa Mji

Watu wa mipangomiji siku hizi wanazungumza sana kuhusu mapacha. Wanamaanisha nakala ya mji iliyomo ndani ya kompyuta: barabara, mabomba, mitaro, nyumba na miinuko, vyote vikiwa vimepimwa na kuwekwa mahali pake, na vyote vikiendelea kupokea taarifa kutoka kwenye mji wenyewe. Bomba likipasuka Majengo na presha ikashuka, nakala inaonyesha. Nyumba kumi zikiongezeka Pasua, nakala inazihesabu. Nakala hiyo ndiyo inayoitwa pacha wa kidijitali. Faida yake anaielewa hata mtu asiyejua kompyuta. Kabla hujakata barabara ya kweli, unaikata ile ya kwenye skrini. Kabla hujajenga tangi, unalijaza kwenye nakala uone nani atapata maji na nani atakosa. Kukosea kwenye skrini hakuli saruji wala nondo.

Mimi nimezaliwa Uru, mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, na masomo nimesomea Moshi mjini. Kila nikisikia habari za pacha, ninachokumbuka kwanza ni mfongo, ule mfereji wa asili wa Wachagga unaochepusha maji mtoni na kuyaleta kihambani. Naamini historia ya maji ya mlima huu ina jibu la swali ambalo mafundi wa kompyuta hawaliulizi mara nyingi: mji ukibadilika, nani anairekebisha nakala? Na nani anaruhusiwa kusema kwamba nakala imekosea?

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu wazo lenyewe ni kongwe kuliko jina lake.

Mwaka 1943, vita kuu ya pili ikiendelea, wahandisi wa jeshi la Marekani walianza kujenga mto wa bandia katika jimbo la Mississippi. Kazi ya kuchimba ilifanywa na wafungwa wa kivita wa Kijerumani, waliokamatwa Afrika Kaskazini. Katika eneo la takriban ekari 200 walitengeneza kwa zege bonde zima la mto Mississippi na matawi yake, kwa kipimo cha 1 kwa 2,000. Mtu akipiga hatua moja pale, alikuwa amepita karibu kilomita moja na nusu za mto wa kweli. Walimwaga maji, wakapima yanafika wapi, wakajua tuta lipi litahimili na lipi litabomoka. Mwaka 1952, mto Missouri ulipofurika, walitumia mto wao wa zege kukadiria maji yatapanda kiasi gani, na makadirio hayo yalisaidia miji kujiandaa. Baadaye kompyuta zikaja, mto wa zege ukaachwa, na leo umeota majani na miti.

Mwaka 1970 tangi la oksijeni la chombo cha Apollo 13 lililipuka kikiwa njiani kwenda mwezini. Wahandisi waliobaki Houston walitumia vyombo vya mazoezi vilivyofanana na kile cha angani kujaribu kila hatua kabla ya kuwaelekeza wanaanga waifanye. Mwaka 2002 Michael Grieves wa Marekani akaeleza wazo la bidhaa kuwa na mwenzake wa kidijitali atakayeifuata maisha yake yote, na mwaka 2010 neno pacha likaingia katika maandishi ya shirika la anga la nchi hiyo, NASA. Kufikia mwaka 2014 Singapore ilikuwa imetangaza kujenga pacha wa nchi nzima.

Katika visa vyote hivi kuna kitu kimoja kinachotenganisha pacha na mchoro wa kawaida. Mchoro ukishapigwa mhuri umekwisha. Pacha analishwa. Akiacha kulishwa habari mpya anakuwa picha ya zamani, hata kama rangi zake zinapendeza. Ule mto wa Mississippi ulioota majani ulikufa siku watu walipoacha kumwaga maji na kupima.

Sasa turudi nyumbani.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walioandika kuhusu Kilimanjaro katika karne ya 19 waliikuta mifongo tayari inafanya kazi. Harry Johnston, aliyekaa Moshi ya zamani mwaka 1884 chini ya ulinzi wa Mangi Rindi, alikuwa mmoja wa walioistaajabia. Baada yake mmisionari Bruno Gutmann na ofisa wa Kiingereza Charles Dundas, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1924, waliandika kwa urefu juu ya watu wa mlima huu na desturi zao. Walichokiona kilikuwa miundombinu kamili. Mito ya Kilimanjaro hupita kwenye makorongo marefu, na migongo ya ardhi ambako watu wamejenga vihamba iko juu ya maji hayo. Ili maji yafike kihambani, lazima yachukuliwe mbali huko juu, karibu na msitu au ndani yake, kisha yatembezwe taratibu ubavuni mwa korongo mpaka yatokeze mgongoni. Mteremko ukizidi, maji yanakula udongo. Ukipungua, yanasimama. Waliochimba mifongo walipata mteremko huo bila darubini ya mpima ardhi, na mamia ya mifereji ya namna hiyo ilisambaa kuanzia Siha hadi Rombo.

Kuchimba, hata hivyo, kulikuwa nusu ya kazi. Banio la mfongo lilikuwa mawe, matawi, udongo na magogo ya migomba. Mvua kubwa ikishuka, banio linachukuliwa. Maporomoko yakitokea, mfereji unazibwa. Kwa hiyo kila mfongo ulikuwa na watu wake, mara nyingi ukoo ulioanzisha na wale waliokaribishwa baadaye, na ulikuwa na msimamizi. Siku ya msaragambo ikitangazwa, kila nyumba inatoa mtu. Asiyekuja anatozwa faini, pengine mbege, pengine zamu yake ya maji inarukwa. Maji yaligawanywa kwa zamu: ukoo huu leo, ule kesho, huyu asubuhi, yule jioni. Maji ya nyumbani yalichotwa alfajiri kabla hayajatibuliwa.

Nilipokuwa kidato cha pili babu yangu alinichukua kwenda kuangalia mfongo wetu baada ya mvua za masika. Tulipanda karibu saa mbili. Njiani alikuwa ananionyesha vitu ambavyo mimi nisingeviona: hapa ukingo umelainika, wiki ijayo utavuja, hapa fulani amepanua mdomo wa mchepuko wake kwa jembe, anadhani hatujui, hapa zamani palipita jiwe kubwa, maji yakawa yanageukia kule. Alijua zamu za nyumba zote kwa kichwa. Nikamwuliza:

"Babu, haya yote yameandikwa wapi?"

"Yaandikwe ya nini, mjukuu wangu? Mvua ikinyesha kule juu usiku, banio linasogea. Ukiwa umeandika, itabidi ufute."

"Na wewe ukiumwa?"

"Ndiyo maana nimekuleta."

Miaka mingi baadaye, nikiwa nasoma juu ya mapacha wa kidijitali, niliona kwamba mzee alikuwa nao huo mfumo. Kichwani mwake kulikuwa na nakala ya mfereji wote. Nakala ile ilipata habari kila alipotembea, kila jirani alipolalamika, kila maji yalipochelewa kufika. Na habari zikishaingia, zilizaa uamuzi siku hiyohiyo: mtu anaitwa, tundu linazibwa, zamu inabadilishwa. Vihisi vilikuwa miguu na macho ya watu. Mtambo ulikuwa kikao.

Sitaki kuipamba mifongo kupita kiasi. Wanawake walichota maji hayo kila siku ya maisha yao, lakini kwa desturi hawakuwa na sauti katika usimamizi wake, na huko kwenye banio hawakutakiwa kufika. Bibi yangu alijua saa ambayo maji huwa machafu na mahali ambapo mtoto anaweza kutumbukia, ila ujuzi wake haukuingia kikaoni. Mgeni aliyehamia baadaye alipata zamu ya mwisho. Nakala iliyokuwa kichwani mwa wazee wanaume ilikuwa hai, lakini iliona kile ambacho wazee wanaume walikuwa wanakitazama.

Kisha likaja daftari.

Reli ya Usambara kutoka Tanga ilifika chini ya mlima mwaka 1911, na mji ukahama. Moshi ya zamani, palipokuwa na makao ya Mangi na boma la Wajerumani, ilibaki mlimani, na Moshi mpya ikaota tambarare kuzunguka stesheni. Tangu hapo mlima na mji vimekuwa na uhusiano wa juu na chini: maji yanatoka juu, na mipango inatoka chini. Mashamba ya walowezi na mkonge yalitaka maji. Kahawa ilitaka maji ya kuoshea. Kufikia miaka ya 1930 maofisa wa Kiingereza, waliokuja baada ya Wajerumani, walikuwa wameanza kuiona mifongo kama upotevu na chanzo cha mmomonyoko. Mwaka 1935 Edmund Teale na Clement Gillman walitoa ripoti ya serikali kuhusu namna ya kudhibiti maji ya Jimbo la Kaskazini, na kutoka kipindi hicho tamaa ya serikali ilikuwa moja: kila mfereji uhesabiwe, upimwe na uandikwe.

Baada ya Uhuru, tamaa hiyo ilipata nguvu ya sheria. Sheria Na. 42 ya mwaka 1974 iliyafanya maji yote ya Tanzania Bara kuwa ya umma, na mwenye kuchepusha mto akatakiwa kuwa na haki iliyosajiliwa. Mwaka 1991 ikaanzishwa Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani. Sababu za kuisimamia Pangani kama mto mmoja zilikuwa za kweli. Maji yanayotoka Kilimanjaro na Meru yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu yanateremka kwenda kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale, iliyoanza mwaka 1964, na ya New Pangani Falls, iliyoanza mwaka 1995. Mtu wa Korogwe na mtu wa Tanga wana haki na mto huu kama mtu wa Uru.

Lakini tazama kilichoandikwa daftarini. Haki ya maji iliandikwa kwa kiasi: lita kadhaa kwa sekunde, kwa mfongo fulani. Mto wa Kilimanjaro hauishi kwa kiasi kimoja. Masika unanguruma, na kiangazi unaweza kuuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Mfongo uligawa kilichopo kwa zamu, hivyo mto ukipungua kila mtu alipungukiwa na wote walijua. Daftari liligawa namba, na namba haipungui kiangazi. Watu wakajikuta na karatasi inayowaruhusu kuchukua maji ambayo mtoni hayapo, na masika wakahesabiwa wezi kwa kuchukua maji yaliyokuwa yanamwagika. Watumiaji wengi waliikuta ada ya maji kabla hawajamwona mpimaji amerudi kupima mara ya pili.

Daftari lilikuwa nakala ya mto. Kasoro yake ilikuwa kwamba mwenye kulifungua hakuwa akitembea ukingoni.

Kisa cha pili kipo karibu zaidi na mji, na wanafunzi wengi wa Moshi hupita pembeni yake bila kukijua. Katika miaka ya 1970 mikoa ya Tanzania iliandaliwa mipango ya maendeleo kwa msaada wa nchi wahisani, na Kilimanjaro ikaangukia kwa Wajapani. Moja ya matunda yake ni skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 tambarare ya kusini mwa mji, upande wa Mabogini na Chekereni. Mabanio ya zege yalijengwa kwenye mito ya Rau na Njoro, mifereji ikasakafiwa, mashamba yakasawazishwa, na hekta zipatazo 1,100 zikapangiwa mpunga. Wahandisi walikuwa wamepima mito kwa makini. Mavuno yalikuja kuliko hata wakulima walivyotarajia, zaidi ya tani sita kwa hekta.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyoleta taabu. Wakulima walioko juu ya mabanio, wasiokuwemo kwenye skimu, waliona majirani zao wanavuna mpunga na kuuza. Wakachimba mifereji yao, wakalima mpunga na wao. Nani angewakataza? Mto ulipita kwao kwanza. Katika miaka michache maji yanayofika kwenye mabanio ya zege yalipungua, na sehemu ya mashamba yale yaliyosawazishwa kwa gharama kubwa ikabaki bila mpunga. Ugomvi wa maji kati ya walio ndani ya skimu na walio nje yake ukadumu miaka mingi.

Mchoro wa Lower Moshi ulikuwa sahihi kuhusu mto. Ulikosa jirani. Ulichukulia kwamba watu wa juu wataendelea kulima walichokuwa wanalima, hata baada ya kuona utajiri unaota chini yao. Mtu atasema: ndiyo maana tunahitaji pacha wa kidijitali! Kwenye skrini tungejaribu, tungeona hekta za juu zikiongezeka na maji yakipungua. Ni kweli, kompyuta ingepiga hesabu hiyo kwa dakika moja. Ila kompyuta hujibu swali iliyoulizwa. Lazima awepo mtu mezani wa kusema, "Na wale wa juu wakitamani?" Msimamizi yeyote wa mfongo angeuliza hivyo kabla ya kumaliza kikombe cha kwanza cha chai, kwa sababu kazi yake yote ilikuwa kuishi na tamaa ya aliye juu na kilio cha aliye chini.

Habari njema ni kwamba katika miaka ya karibuni Tanzania imejifunza kuchora pamoja na wenye mtaa. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale, Kigogo, Manzese na kata nyingine zinazofurika, wakatembea na wakazi, wakachora nyumba, njia na mitaro kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Ndege ndogo zisizo na rubani zilipiga picha kutoka juu, lakini ni mkazi aliyejua maji ya mafuriko hufika usawa gani wa ukuta na mtaro upi umezibwa na taka. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha Unguja na Pemba kwa ndege za aina hiyo, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na vijana wa Zanzibar wenyewe wakazirusha. Halafu mwaka 2022, kabla ya sensa ya watu na makazi, nchi nzima ilifanya operesheni ya anwani za makazi. Vibao vya majina ya mitaa vikasimama na namba zikabandikwa milangoni, hata huku kwetu mlimani, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali uitwao NaPA. Hivi vyote havijawa pacha. Ni mifupa yake. Siku mji kama Moshi, wenye watu takriban 220,000 kwa sensa ya mwaka 2022, utakapotaka kujenga pacha kamili, hautaanzia sifuri.

Hapo ndipo historia inapotakiwa kuvuta kiti na kukaa.

Pacha wa Moshi atakayeishia kwenye mpaka wa manispaa atakuwa pacha nusu. Mji unakunywa maji ya chemchemi, zikiwemo za Nsere na Shiri, na chemchemi hazilishwi na manispaa. Wengi tulifundishwa kwamba mito yetu inatoka kwenye barafu ya Kibo, na kwa kuwa barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, tunaona mwisho wa maji umekaribia. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maji ya Kilimanjaro inatokana na mvua inayonyesha kwenye mkanda wa msitu na kuzama ardhini. Anayetaka kukadiria maji ya Moshi ya mwaka 2050 aanze kwa kuuhesabu msitu, moto wake na miti inayokatwa. Baada ya msitu aiweke mifongo, kwa sababu maji yanayovuja mfongoni hulowesha vihamba, na sehemu yake hurudi ardhini. Ukisakafia mfereji wote kwa zege ili kuokoa maji, huenda unamkausha mtu ambaye hayuko kwenye mchoro wako. Ukishafika hapo, uteremke mpaka Mabogini, uwaweke wakulima wa mpunga, walio ndani ya skimu na walio nje.

Na hapa kuna jambo ambalo sijaona likisemwa waziwazi. Kuonekana kuna bei yake.

Mfongo usioonekana kwenye nakala hautatengewa fedha. Barabara mpya ikipita, utafukiwa, na hakuna atakayelipa fidia kwa kitu ambacho rasmi hakikuwepo. Hasara hiyo si ya kufikirika. Vijana wengi tumehamia Dar, Arusha na kwingineko. Vikao vya mifongo vimebaki na wazee, na kila msiba unaondoka na kipande cha nakala. Upande mmoja wa mlima, Shimbwe Juu, ulitambuliwa mwaka 2011 na shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kama urithi wa kilimo wa dunia kwa ajili ya mfumo wake wa vihamba. Wenzao walio nje ya eneo hilo hawana cheti.

Lakini mfongo unaoonekana nao una hatari yake. Tangu miaka ya 1930, kila mara mifongo ilipopimwa, kilichofuata kilikuwa masharti, ada au amri ya kufunga. Mzee anayemficha mpimaji banio la tatu anakumbuka alichosimuliwa na baba yake. Nikiambiwa niende kumshawishi aonyeshe mfereji wake uingie kwenye pacha wa kidijitali, lazima nimjibu maswali matatu. Habari zangu zikiingia, nani ataziona? Zikikosewa, nitarekebishia wapi, na kwa lugha gani? Na zikishaonyesha kwamba kiangazi maji hayatoshi, nani atapunguziwa kwanza, mimi au bomba la hoteli?

Maswali haya yanajibika. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yapo hapahapa Moshi, tayari inafanya kazi na jumuiya za watumia maji. Jumuiya hizo zinaweza kupewa haki ya kuandika, na sio ya kusoma tu. Msimamizi wa mfongo mwenye simu ya kawaida anaweza kutuma ujumbe mfupi kwamba banio limechukuliwa na maji, na ujumbe huo ukahesabika kama habari yenye uzito uleule wa kihisi cha mamilioni. Mama anayechota maji alfajiri anaweza kuwa mtoa taarifa rasmi, jambo ambalo kikao cha zamani hakikumruhusu. Na kibali cha maji kinaweza kuandikwa kwa mgao wa kilichopo, badala ya namba isiyojua kiangazi, maana kompyuta inaweza kupiga hesabu ya zamu kila wiki bila kuchoka. Hapo teknolojia itakuwa imefanya kitu ambacho daftari lilishindwa: kurudisha ukubwani ule utaratibu wa mfongo mmoja, mpaka uenee bonde zima, kutoka msituni hadi mitambo ya Hale.

Kinachotakiwa kuamuliwa mapema ni kikao. Nani anakaa, nani anasema, na uamuzi unatoka lini baada ya habari kuingia. Vihisi vinanunulika, na ndege zinarushwa na vijana wetu wenyewe. Kikao hakinunuliwi kwa zabuni, na bila hicho tutapata daftari lingine lenye rangi nzuri, ambalo miaka kumi baadaye litakuwa limeota majani kama ule mto wa zege wa Mississippi.

Mifongo mingi ya Kilimanjaro bado inapitisha maji leo. Wapo bado watu wanaoweza kuitembea toka kwenye banio hadi shamba la mwisho na kueleza kila kona. Wanaotaka kumjenga pacha wa Moshi wangefanya vizuri kuanza kazi kwa miguu, wakitanguliwa na watu hao, kabla ya masika mengine.